Kurasa kumi za Jules Dassin

Hotuba hii niliitoa mbele ya waandishi wa miswada ya filamu na wapenzi wa riwaya za upelelezi. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Vipande vya filamu tulivyotazama ukutani ndivyo pekee havimo.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za jioni. Nanyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka kimyakimya, nimewaona. Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuigeuza riwaya kuwa filamu. Ni habari pana, na mtu akiisema kwa upana wake wote atawachosha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo nitashika filamu moja tu. Ni ya Kifaransa, ya mwaka 1955, ya picha nyeusi na nyeupe, na jina lake ni Du rififi chez les hommes. Duniani wanaiita Rififi basi. Imetokana na riwaya ya Auguste Le Breton iliyotoka mwaka 1953 katika Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu wa shirika la Gallimard. Mliosoma Willy Gamba na Joram Kiango hadi jalada likang'oka mnajua nazungumzia vitabu vya aina gani. Ni vile ambavyo mwalimu akikukuta navyo darasani anakunyang'anya, halafu anakwenda kuvisoma yeye.

Kisa ni hiki. Tony, mtu wa Saint-Étienne, ametoka jela baada ya miaka mitano. Afya imekwisha, kifua kinamsumbua, fedha hana, hata mezani kwenye karata hawataki kumkopesha. Rafiki yake Jo, ambaye kila mtu anamwita Msweden, anamletea mpango yeye na Mwitaliano mmoja aitwaye Mario: wavunje kioo cha duka la vito, wabebe wanachoweza, wakimbie. Tony anakataa. Baadaye anarudi na sharti lake. Kama ni kuiba, basi si kioo. Ni kasiki yenyewe. Wanamwita fundi wa kufungua makasiki kutoka Milan, César, mtu mfupi, mtanashati, mwenye udhaifu kwa wanawake. Wanne hao wanaiba vito vya faranga milioni 240, na hakuna anayewaona. Kisha mambo yanaharibika, na wote wanne wanakufa.

Mwongozaji wake je? Hapo ndipo palipo na utamu, kwa sababu filamu hii ya Kifaransa kabisa, iliyojaa Paris kila kona, iliongozwa na Mmarekani. Jules Dassin alizaliwa Connecticut mwaka 1911, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi ya wakati ule, akakulia Harlem, New York. Jina lake linasikika kama la Kifaransa, na wengi hadi leo wanadhani alikuwa Mfaransa. Hakuwa. Alikwenda Ufaransa kwa sababu kwao alinyimwa kazi. Nitarudi kwenye hilo, maana bila hilo filamu hii haieleweki.

Sasa niulize, ndugu zangu. Mtu akikupa riwaya ya kurasa 250 akakwambia, ifanye filamu, unaanzia wapi?

Kijana mmoja aliniletea muswada wake nisome. Alikuwa amechukua riwaya ya Kiswahili ya upelelezi, ya zamani, nzuri, akaigeuza. Muswada ulikuwa mzito kuliko riwaya. Nikamwuliza, mbona hivi? Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, niliogopa kuacha kitu, mwandishi asije akalalamika." Kila mazungumzo ya kitabuni yalikuwemo. Kila mtu aliyepita njiani alikuwemo. Hata mawazo ya mpelelezi akiwa peke yake bafuni aliyafanya yasemwe kwa sauti, jamaa anajizungumzia na sabuni mkononi. Ulikuwa uaminifu mkubwa, lakini haukuwa filamu.

Tazameni alivyofanya Dassin. Mtayarishaji Henri Bérard alimpa riwaya aisome mwisho wa juma. Dassin, kwa masimulizi yake mwenyewe, hakuielewa. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wahuni wa Paris, lugha ambayo hata Mfaransa aliyelelewa vizuri anaisoma akikuna kichwa. Ikabidi atafute mtu wa kumsomea. Alipoielewa, hakuipenda. Aliona imejaa ukatili na uchafu. Alikwenda kwa mtayarishaji akiwa amejiandaa kusema hapana. Alipofika akasema ndiyo. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na fedha. Nani hapa hajawahi kusema ndiyo ya namna hiyo?

Baada ya kusema ndiyo akaanza kuipekua riwaya akitafuta kitu kimoja anachoweza kukifanya kwa moyo wake wote. Akakipata. Katika kurasa zile zaidi ya 250, wizi wa duka la vito ulikuwa umechukua kurasa kama kumi tu. Kwa Le Breton wizi ulikuwa daraja la kuvukia, apate kufika kwenye magomvi ya wahuni, ambayo ndiyo aliyoyapenda. Dassin akapindua. Kurasa kumi zikawa karibu robo ya filamu nzima.

Na alizifanyaje? Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mnaofanya uhariri.

Aliondoa maneno yote. Karibu nusu saa nzima, hakuna mtu anayesema. Si kwamba wanasema kidogo, hawasemi kabisa. Wala hakuna muziki. Nusu saa ndugu zangu, katika filamu isiyofika saa mbili!

Wanaingia katika nyumba iliyo juu ya duka. Wanalala kifudifudi sakafuni, wanaanza kutoboa kwa nyundo na patasi, taratibu, wakisikilizia kila pigo. Hatari yao kubwa ni kengele ya duka, ambayo inalia kwa mtetemo mdogo tu. Tundu likipatikana dogo kabisa, wanapitisha mwavuli uliofungwa, kisha wanaufungua ukiwa upande wa chini, ndani ya duka, umening'inia kichwa chini. Vipande vya saruji vinavyobanduka vinaanguka ndani ya mwavuli badala ya kugonga sakafu. Ukiona kitendo hicho mara ya kwanza unatabasamu mwenyewe. Hakuna aliyekueleza mwavuli ni wa nini, umeelewa mwenyewe.

Halafu kengele. Kabla ya siku ya wizi tumewaona wakiwa wamepata kengele ya aina ileile, wameiweka mezani, wanaijaribu. Wanajaribu hivi inalia, wanajaribu vile inalia, hadi wanagundua kwamba povu la mtungi wa kuzimia moto linaibana isitoe sauti. Kwa hiyo usiku wenyewe, mtu anaposhuka kwa kamba akiwa na mtungi ule mkononi, mtazamaji anajua anachokwenda kufanya, na anajua pia kinachoweza kwenda kombo. Mshike hapo. Maelezo yote yalitolewa mapema, ili usiku wa kazi usihitaji neno hata moja.

Kasiki inatobolewa kwa nyuma. Jasho linawatoka. Mmoja wao anagusa piano kwa bahati mbaya, sauti moja tu inatoka, na wote wanaganda. Mimi nimeiona filamu hii mara nyingi, na kila inapofika pale piano ilipo nashika mkono wa kiti.

Mtunzi wa muziki alikuwa Georges Auric, mtu mwenye jina kubwa Ufaransa. Alipoambiwa sehemu ile haitakuwa na muziki hakukubali. Alimwonea huruma Dassin, akaona anajitia kitanzi, akamtungia muziki wa kumwokoa. Dassin akamwonyesha kipande kile mara mbili, kwa muziki na bila muziki. Auric akasikiliza yote mawili, akasema uondolewe. Mwenye muziki mwenyewe ndiye aliyesema hivyo! Nyinyi mnaocheka mnajua ninakokwenda. Kwetu sisi mtu akishika kitasa cha mlango kinanda kimeshaanza. Akifungua jokofu, kinanda. Mama mkwe akikohoa, kinanda. Tunamwogopa mtazamaji, tunadhani tukinyamaza ataondoka. Dassin alikuwa na bajeti ndogo, inatajwa dola laki mbili hivi, hakuwa na nyota wa kuvuta watu, mwigizaji wake mkuu Jean Servais alikuwa amekwisha kushuka kwa sababu ya pombe, na bado alithubutu kuwanyamazisha wote.

Wizi ule ulionekana wa kweli mno hata baadhi ya wakubwa wa polisi katika nchi mbalimbali wakaingiwa na hofu. Mexico filamu iliondolewa kwenye majumba ya sinema baada ya wezi kuiga. Dassin alipoulizwa kama hakuwa anafundisha watu kuiba, alijitetea kwamba filamu inaonyesha jinsi kuiba kulivyo kazi ngumu. Mwacheni ajitetee, lakini ukimtazama Tony anavyokohoa usiku ule utakubali kwamba ajira ya kawaida ina nafuu yake.

Hilo la kwanza. Mkitaka kuligeuza kitabu, msianze na kurasa 250. Tafuteni zile kumi ambazo zinawaita.

La pili ni fupi kidogo, ila lina uchungu wake. Adui ni nani?

Riwaya ya Le Breton ilikuwa na jibu jepesi. Genge baya, genge linalowanyang'anya mashujaa wetu, lilikuwa la watu wa Afrika Kaskazini. Ndivyo Paris ya wakati ule ilivyozoea: uchafu ukitokea, mtazame Mwarabu. Sasa hebu kumbukeni miaka. Filamu ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1954. Afrika Kaskazini yote ilikuwa inatokota, na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo vita vya ukombozi vya Algeria vilianza. Mtayarishaji aliona hatari, si ya dhamira bali ya biashara. Dassin alisimulia baadaye kwamba Bérard alikuja na suluhisho lake: kwa kuwa mwongozaji ni Mmarekani, basi wabaya nao wawe Wamarekani. Dassin akamwuliza, je, umewahi kufikiri kwamba wanaweza kuwa Wafaransa?

Kumbe inawezekana! Kumbe jambazi wa Paris anaweza kuwa mtu wa Paris! Wabaya wakawa ndugu wa familia ya Grutter, wenye klabu ya usiku. Pierre Grutter ana suti nzuri na tabasamu, na mdogo wake Rémi, aliyeigizwa na Robert Hossein, ni mtumwa wa dawa za kulevya. Filamu ilipata nini kwa badiliko hilo? Ilipata ukweli. Tony na Grutter wanatoka shimo moja, wanakaa baa zilezile, wanagombania mwanamke yuleyule. Huwezi tena kukaa kwenye kiti chako ukasema, aa, wale ni watu wa kuja.

Nawaomba kila mmoja akienda nyumbani autazame muswada wake. Jambazi wako ametoka wapi? Ana lafudhi gani? Kwa nini kila mwizi katika filamu zetu anazungumza kwa lafudhi ya kabila fulani au nchi fulani jirani? Ulichagua, au ulikuta tu imewekwa pale?

Nikiwa hapo niseme na lisilonipendeza, maana sikuja kuimba sifa tupu. Mapema katika filamu, Tony anamtafuta Mado, mwanamke wake wa zamani aliyekwenda kwa Grutter wakati yeye yuko jela. Anampeleka kwake, anamwamuru avue vito vyake, kisha nguo, na anampiga kwa mkanda. Kamera inageuka pembeni, tunasikia tu. Wapo wanaosema kugeuza kamera ni staha. Mimi naona ni njia ya kumlinda Tony, tusimchukie kabla kazi haijaanza. Dassin aliyetupa mengi ya riwaya angeweza kulitupa na hilo, au angeliweka tukaona uso wa Mado. Mado naye mwishoni ndiye anayemsaidia Tony kumpata mtoto wa Jo, aliyetekwa na akina Grutter, na hakuna anayemshukuru. Dada zangu mnaoandika, riwaya ya Mado bado haijaandikwa. Ichukueni.

Sasa nije la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Nilisema Dassin kwao alinyimwa kazi. Ilikuwaje? Katika miaka ya 1930, vijana wengi wa sanaa New York waliingia chama cha Kikomunisti, naye akiwemo. Alitoka mwaka 1939, Urusi ilipopatana na Hitler. Miaka ikapita, akawa mwongozaji wa maana Hollywood. Baada ya Vita vya Pili, kamati ya Bunge la Marekani ikaanza kuwaita watu wa filamu na kuwauliza maswali mawili: wewe ni Mkomunisti, au umewahi kuwa? Na wenzako ni akina nani? Swali la pili ndilo lililokuwa sumu. Kujiungama hakukutosha. Ilibidi umchome mwenzako, kwa jina, hadharani.

Mwaka 1949 bosi wa studio ya Fox, Darryl Zanuck, alimtuma Dassin London kupiga filamu, akamwambia waziwazi kwamba huenda ikawa ya mwisho. Aanze na sehemu za gharama kubwa, ili studio ishindwe kumwondoa katikati. Dassin akafanya hivyo. Mwaka 1951 waongozaji wenzake wawili, Edward Dmytryk na Frank Tuttle, waliketi mbele ya kamati na kumtaja. Dmytryk mwenyewe alikuwa ametoka kufungwa kwa kukataa kujibu. Jela ikamshinda, akaamua kusema.

Basi. Simu zikanyamaza. Dassin akahamia Ufaransa na watoto, na hata huko mkono wa Hollywood ukamfuata: alikuwa amepewa filamu ya mchekeshaji mashuhuri Fernandel, na siku chache kabla ya kuanza kupiga picha akaondolewa kwa shinikizo kutoka Marekani. Kuanzia filamu ya London hadi Rififi ilipita karibu miaka mitano bila kuongoza. Fikirieni fundi seremala miaka mitano bila kushika randa.

Mtu huyo ndiye aliyepewa riwaya ya wezi. Na katika hadithi ya wezi kuna jambo moja lisilokosekana. Lipi? Mtoa siri.

Mnakumbuka César, fundi wa Milan? Usiku wa wizi, kazi imekwisha, wenzake wanatoka, yeye anachukua pete moja zaidi, ampelekee mwimbaji wa klabu ya Grutter. Pete moja tu. Grutter anaiona kidoleni kwa mwimbaji na anaelewa kila kitu. Wanamkamata César, wanamtisha, naye anamtaja Mario. Mario na mkewe Ida wanauawa nyumbani kwao. Baadaye Tony anamkuta César amefungwa kamba nyuma ya jukwaa la klabu, kati ya mapambo ya maonyesho. César hakatai. Anasema aliogopa. Tony anamwambia kwamba alimpenda, kwa kweli alimpenda, lakini yeye César anaijua sheria. Kamera inarudi nyuma, Tony anafyatua bastola.

Sasa nawauliza. Aliyeigiza César ni nani?

Kwenye majina ya filamu ameandikwa Perlo Vita. Nani anamjua Perlo Vita? Hakuna, kwa sababu hayupo. Perlo Vita ni Jules Dassin mwenyewe. Mwigizaji aliyekuwa ameandaliwa alishindikana kwa mambo ya mkataba, Dassin akaingia badala yake. Kwa hiyo mtu aliyechomwa na wenzake, mtu aliyepoteza nchi na kazi kwa sababu rafiki aliogopa akasema jina, alijivika yeye mwenyewe sura ya yule aliyeogopa akasema jina. Akajifunga kamba. Akajipiga risasi. Alipokuwa mzee alieleza kwamba katika kuipiga sehemu ile alikuwa akiwafikiria rafiki zake waliowasaliti wengine.

Angeweza kufanya tofauti, sivyo? Angeweza kumfanya César nyoka, mtu wa kutemewa mate, na watazamaji wangepiga makofi. Badala yake alimfanya mtu wa kupendeza kuliko wote wanne. Ndiye anayechekesha. Ndiye fundi hodari zaidi. Ukimtazama amefungwa pale huwezi kumchukia, unasikitika tu kwamba mtu huyu mzuri aliogopa. Na risasi inampata vilevile. Huruma ipo na hukumu ipo, na hakuna moja inayoifuta nyenzake. Mimi sijui wangapi kati yetu tungeweza kuandika hivyo juu ya mtu aliyetuharibia maisha. Mimi nadhani nisingeweza.

Na hayo hayakutoka kwa Le Breton. Kitabu kilikuwa na wezi, na kasiki, na magenge. Dassin alileta jeraha lake, akalipatia mahali ndani ya hadithi ya mtu mwingine, bila kutoa hotuba, bila mhusika hata mmoja kutamka siasa. Anayejua, anajua. Asiyejua anaona filamu safi ya ujambazi, na anarudi nyumbani ameridhika.

Mambo mengine nitayapita mbio, saa inanitazama. Dassin alikataa kupiga picha nje jua linapowaka. Alitaka Paris ya mawingu na barabara zilizolowa, mtayarishaji akawa anahesabu siku na kushika kichwa. Pia alikataa ngumi, wakati ambapo filamu za ngumi ndizo zilizokuwa zikiuza Ufaransa. Mwaka 1955 tamasha la Cannes likampa zawadi ya mwongozaji bora, akiigawana na Mrusi Sergei Vasilyev. François Truffaut, wakati huo kijana mhakiki mwenye ulimi mkali, aliandika kwamba kutokana na riwaya mbaya kuliko zote za uhalifu alizowahi kusoma, Dassin ametengeneza filamu bora kuliko zote za uhalifu alizowahi kuona. Sifa na tusi katika sentensi moja, na tusi lilikwenda kwa mtu aliye hai na anayesoma magazeti.

Marekani nako walipoitaka filamu, walimtaka kwanza Dassin aikane siasa yake ya zamani au jina lake liondolewe. Akakataa yote mawili. Filamu ikaonyeshwa, jina lake likiwemo. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza, kati ya wale waliofungiwa kazi, kusomeka tena kwa jina lake halisi katika majumba ya sinema ya kwao. Dmytryk, aliyesema, alikuwa akifanya kazi Hollywood muda wote huo.

Swali limeletwa hapa kwa karatasi, na ni zuri, nitalijibu kisha nishuke. Linasema: "Mwandishi wa riwaya alisemaje?"

Le Breton hakuwa mwandishi wa mezani. Alikuwa yatima wa Vita vya Kwanza, mtoto wa Brittany aliyekulia katika vituo vya watoto, kisha mitaa ya Paris, kati ya watu haohao aliokuja kuwaandika. Dassin amesimulia kwamba Le Breton alipousoma muswada alimfuata. Akauliza: kitabu changu kiko wapi? Dassin akajaribu kueleza mambo ya sanaa. Akauliza tena: kitabu changu kiko wapi? Akatoa bastola akaiweka mezani. Dassin akaitazama bastola, akamtazama mwenyewe na kofia yake ya kihuni kama aliyetoka ndani ya filamu, akashindwa kujizuia, akacheka. Le Breton naye akacheka. Tangu hapo wakawa marafiki, na jina lake limo katika filamu kati ya walioandika. Miaka iliyofuata alitoa riwaya nyingine nyingi zenye neno rififi kwenye jalada, rififi ya mji huu na rififi ya mji ule, na zikauzika vizuri, kwa wasomaji ambao wengi wao walilijua neno hilo kutoka kwenye filamu.

Chai iko tayari. Aliyeandika swali la pili, la haki za kununua riwaya kwa warithi, anifuate pembeni, maana hilo lina makaratasi.